Bubuti ya Chumba Kidogo

Rotia alikataa kiti, na hapo ndipo Aroita alipoanza kuogopa. Rotia, mtoto wa mkubwa wa wizara kule Tarawa, makao makuu ya Kiribati, msichana ambaye hata kanisani hupangusa benchi kwa leso kabla hajalikalia, leo kaingia chumbani kwa Aroita katika bweni la chuo, kaona kiti kitupu, kakipita, kakunja miguu na kukaa chini kwenye saruji yenye unyevu wa mvua ya Suva, Fiji, isiyojua kukoma. Mtu aliyekuzidi kila kitu akikaa chini yako namna hiyo, usijidanganye kwamba amekuja kukujulia hali.

"Dada, kiti hicho hapo," Aroita alisema.

"Hapa panatosha." Rotia alikaza kilemba kichwani, akatazama vidole vyake vya miguu. "Aroita, nimekuja na bubuti."

Sarojni, aliyeishi chumba kimoja na Aroita, aliweka pasi wima. Huyu alikuwa binti wa mkulima wa miwa wa Labasa, hukohuko Fiji, na tangu asubuhi alikuwa akipiga pasi blauzi moja ileile, kwa maana mtihani ukikaribia ndivyo alivyokuwa. Neno lile alikwishalijua. Mwaka ule ule lilikuwa limeondoka na mkeka wa Aroita, sketi yake ya bluu, na chupa nzima ya asali ya mnazi aliyopikiwa na mama yake kule kisiwani kwao, Nonouti. Kila mara alikuja mtu wa Kiribati, akatamka bubuti, akatoka na kitu, na Aroita akabaki anatabasamu kama aliyepewa yeye.

Kwa watu wa visiwa vile, bubuti si ombi la kubembeleza. Ndugu akikujia nayo, unatoa, basi. Ukinyima, hukunyima kitu, umenyima undugu, na jina lako litasafiri kisiwa hadi kisiwa mpaka wajukuu zako waje kulisikia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo tunavyosema sisi. Vizuri. Ila aliyeyasema hayo hakusema mtu akiombwa moyo wenyewe afanyeje.

"Sema, dada," Aroita alijibu. Alidhani ni simu yake, na moyoni alikuwa amekwisha kuiaga.

"Chumba," Rotia alisema. "Kile chumba kidogo cha mtihani."

Pasi ilifuka mvuke peke yake.

Sasa nikwambie chumba hicho ni nini, usije ukadhani watoto hawa walikuwa wakigombania makuti. Muhula uliopita Aroita alifanya mtihani wa kemia katika ukumbi mkubwa wa michezo, mamia ya vichwa vimeinama, saa kubwa ukutani, wasimamizi wanapita na viatu vyao vya kwi-kwi. Maswali aliyajua. Wallahi aliyajua! Lakini moyo ulianza kumwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma kushuka chini ya koo, na alipoangalia karatasi akaona maandishi yanaelea. Alitoka nje akajishika kwenye ukuta, akatapika. Akafeli. Serikali ya kwao iliyomfadhili ilimwambia wazi: ukianguka kemia mara ya pili, unarudi nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na kisiwa kizima kisicho na mwalimu wa sayansi, kilichomchezea ngoma mpaka alfajiri siku anaondoka, bibi wakimfuta uso kwa mafuta ya nazi na kumwita mwalimu kabla hata hajapanda boti.

Ndipo Sarojni alipomburuta hadi kwenye zahanati ya wanafunzi. Huko kwenye benchi la kungojea utawakuta wa kila namna: mtoto wa mchungaji wa Tonga, mtoto wa Mchina mwenye duka pale mjini, kijana wa Levuka anayechekacheka hovyo mpaka meno yanagongana, mabinti wa Labasa, watoto wa visiwa ambavyo hata ramani inavisahau. Aliyeshiba na mwenye njaa wote pale. Na ukiwauliza, kila mmoja kaja kuchukua dawa ya mafua! Bi Alisi, mshauri wa zahanati, alimsikiliza Aroita, akamwambia ugonjwa wake ni wasiwasi, una jina na una njia, wala si uchizi. Akampatia chumba kidogo nyuma ya maktaba: meza moja, dirisha, hakuna saa, msimamizi mmoja mzee anayefuma sweta. Jaribio la katikati ya muhula alilifanyia humo, na aliandika mpaka akaomba karatasi ya ziada. Kwa mara ya kwanza tangu aje Suva alitoka kwenye mtihani ana njaa.

Hicho ndicho Rotia alichokuja kuomba.

"Nilikwenda kwa Bi Alisi," Rotia alisema haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Wakaniambia nimechelewa, vyumba vimekwisha, labda mtu aachie chake. Baba akijua nimekwenda huko ataniua. Watu watauliza, binti wa nani huyo ana kichaa? Unamjua baba. Aroita, mimi nikiingia ukumbini nakufa."

Aroita alimtazama. Miaka yote ya sekondari alilala katika nyumba ya huyu, kule Tarawa. Mama yake Rotia, ambaye kwa Aroita ni shangazi, ndiye aliyemshonea sare. Wali wao aliula, maji ya pipa lao aliyaoga. Ungemtegemea aseme nini?

"Sawa, dada," alisema. "Chukua."

Rotia akamshika magoti, akalia, akaondoka. Mlango haujafungika vizuri, Sarojni akalipuka.

"We Aroita! Una akili wewe?"

"Kaja na bubuti."

"Bubuti, bubuti! Kesho wakija wanataka figo utasema sawa, chukueni, na hii ya pili iko hapa?"

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Kwetu mtu akikuomba usichotaka kutoa, unamwambia njoo kesho. Kesho akija, unamwambia kesho. Mpaka mmoja wenu afe. Hakuna aliyenyimwa, hakuna aliyepewa, na watu wanakunywa chai pamoja."

Aroita alicheka. Kucheka kulimtoka tu, na nyuma yake yakaja machozi, na Sarojni akaacha pasi akaja kumkumbatia huku bado anamtukana.

Kesho yake wakaenda kwa Bi Alisi, Aroita na Rotia, wameongozana kama maharusi. Bi Alisi alikuwa mama mnene wa Rewa, ua jekundu sikioni, na chumba chake kilinukia biskuti.

"Kwa hiyo unanirudishia chumba," alimwambia Aroita. "Hebu nitazame, binti yangu. Umepona kweli, au umechoka kuja huku?"

Mlango wa kujinasua ulikuwa huo, umeachwa wazi kabisa. Angesema neno moja. Lakini Rotia alikuwa amekaa pembeni yake, mikono imebana katikati ya mapaja, na Aroita alilelewa akijua kwamba kutoa huku unanung'unika ni kunyima kwa mlango wa nyuma.

"Nimepona, Bi Alisi."

"Unalala?"

"Fofofo."

"Na moyo?"

"Umetulia."

Uongo mtupu! Moyo wake ulikuwa ukigonga pale pale kama mtu aliyefungiwa kabatini. Lakini alitabasamu, na kutabasamu alikujua sana. Bi Alisi akapiga makofi. Akasema ndiyo maana anaipenda kazi yake. Akamwomba hata, muhula ujao, aje azungumze na wenzake, awaeleze jinsi alivyoshinda. Kisha akamgeukia Rotia na kumwambia, "Umeona? Hata wewe utafika alipofika mwenzako." Rotia akainama. Sijui kama aliona haya, ila natumaini aliona.

Siku zilizofuata Aroita alisoma kama mwendawazimu. Kemia ilimwingia, hilo si tatizo, halikuwa tatizo hata siku moja. Alimweleza Sarojni mada nzima ya asidi na besi wakiwa jikoni wanakaanga roti, chapati za kwao Sarojni, na Sarojni akaelewa kwake kuliko alivyoelewa darasani. Lakini kila alipopita karibu na ukumbi wa michezo, miguu ilimwambia turudi.

Jioni ya kuamkia mtihani, Sarojni aliuliza jambo, mdomo umejaa viazi.

"Hebu nieleze. Hiyo bubuti yenu inakwenda njia moja tu?"

"Vipi njia moja?"

"Yeye anakuomba wewe. Wewe huwezi kumwomba yeye?"

"Naweza. Mtu yeyote anaweza."

"Na akiombwa, anaweza kukataa?"

"Hawezi."

Sarojni aliweka sahani chini taratibu. "Mjinga mkubwa wewe! Si uende ukamwombe chumba chako?"

Haikuwa imempitia Aroita akilini, na si kwamba alikuwa mjinga. Mtu aliyezoea kuwa mtoaji husahau kwamba naye ana mdomo. Alilihesabu kila upande. Haikuwa aibu. Haikuwa kosa. Wazee wenyewe wa Nonouti wangesema ni haki yake. Angekaa chini kwenye sakafu ya Rotia, angetamka neno, na Rotia angetoa, na wote wawili wangebaki watu wema.

"Nitakwenda asubuhi," alisema, na usiku ule alilala, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

Asubuhi Sarojni alitangulia msalani kutapika, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku ya mtihani. Yeye aliita kutoa kafara. "Kafara imepokelewa," alisema akitoka, uso umempauka. "Sasa nenda. Usirudi bila chumba, la sivyo nitakwenda mimi, na mimi sijui desturi ya mtu!"

Bweni la Rotia lilikuwa lile jipya la upande wa chini, lenye zulia. Mlango ulikuwa wazi. Rotia alikuwa mbele ya kioo, anakula mkate wenye siagi, na kilemba hakikuwa kichwani.

Aroita alisimama palepale mlangoni. Kichwa cha dada yake kilikuwa na mabaka. Nyuma ya masikio, kisogoni, utosini, nywele zilikuwa zimeng'olewa, ngozi nyekundu, kwingine pana vidonda vilivyoanza kukauka. Hizi ndizo nywele ambazo shangazi alikuwa akizisuka barazani kila Jumapili, akizisifia mpaka majirani wakachoka.

"Usiogope," Rotia alisema, akimwona kwenye kioo. "Ni mimi mwenyewe. Nikisoma mkono unakwenda wenyewe, sijui hata umekwenda saa ngapi. Lakini jana, dada, jana haukwenda! Nimelala. Unasikia? Nimelala kama mtoto. Sijalala hivi tangu Pasaka." Akacheka, makombo yakamdondoka kifuani. "Karibu mkate."

Aroita aliingia. Alikaa chini, juu ya zulia.

Rotia aliacha kutafuna. Alielewa, bila shaka alielewa, naye ni mtoto wa kulekule. Mkono wake mmoja ukapanda polepole mpaka kisogoni ukajificha humo.

"Nimekuja na bubuti," Aroita alisema.

"Sema," Rotia alijibu kwa sauti ndogo. "Sema tu, dada. Nitatoa."

Na angetoa. Hilo Aroita alikuwa na hakika nalo kuliko alivyokuwa na hakika na jina lake. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alikitazama kile kichwa, akautazama ule mkono, na akasikia hasira, hasira ya kweli, kwamba hata haki yake mtu huyu alikuwa amemwekea kidonda juu yake.

"Nipe kalamu," alisema. "Yangu imekwisha wino."

Rotia alilia kama mtu aliyepona ajali. Akampa pakiti nzima, na mkate, na akambusu viganja.

Ukumbini Aroita alikaa safu ya katikati. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba msimamizi ilibidi apige kelele kutoa maelekezo. Alifunua karatasi. Swali la kwanza alilijua, lilikuwa lilelile alilomweleza Sarojni wakikaanga roti. Aliandika jina lake. Akaandika namba ya swali. Kisha kiatu kikalia kwi nyuma yake, na moyo ukachomoka mbio. Alihesabu pumzi kama Bi Alisi alivyomfundisha. Zilikuja nusunusu, mwisho hazikuja. Vidole vikawa vya mtu mwingine. Alimwona Sarojni mbele kule, mgongo umepinda, anaandika bila kuinua kichwa, akafurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo ndiyo kitu cha mwisho alichokumbuka vizuri. Safari hii hakutoka nje. Alikaa mpaka mwisho, jasho linamchuruzika kwapani, kwa sababu hakutaka mtu amwambie Rotia kwamba dada yako katoka mbio. Karatasi aliyoikabidhi ilikuwa na jina, namba ya swali, na mstari mmoja uliokatwa.

Matokeo yalipotoka, Sarojni alikuwa amefaulu na hakuthubutu kufurahi. Rotia alifaulu vizuri mno, wa nne katika darasa zima. Bi Alisi alimwita Aroita, akamuuliza mbona hukuniambia, na Aroita akasema samahani, na mama yule akavua miwani akajifuta macho, basi. Bwana wa ofisi ya ufadhili alikuwa mpole. Alimwambia sheria ni sheria, boti na ndege vitapangwa, na akamtakia kila la heri huko aendako, kana kwamba hapajui.

Siku mbili alikwepa simu ya mama yake. Siku ya tatu akapiga mwenyewe. Pale Nonouti simu hushika vizuri karibu na ofisi ya kisiwa tu, hivyo tangu juzi mama alikuwa akitembea mpaka pale kungojea, na nyuma yake kuku walisikika wakilia na watoto wakifukuzana.

"Mwalimu wangu!" mama alisema. "Niambie."

"Mama, nimeanguka. Narudi."

Mama aliwafukuza watoto waende mbali.

"Lakini ulisema kuna chumba. Ulisema ukiwa kwenye kile chumba unaweza."

"Rotia alikiomba. Alikuja na bubuti, nikampa."

Alingoja. Ndani kabisa, katika pembe moja ya moyo wake, alikuwa akingojea sifa. Ndiyo, sifa! Mama huyu ndiye aliyemfunza, angali mtoto wa kutambaa, kukifungua kiganja kila anapoombwa, akimpigia makofi kila alipoachia samaki wake, biskuti yake, mwanasesere wake. Kama kuna mtu duniani wa kumwambia umefanya vyema, ndiye huyu.

"Ungemnyima," mama alisema.

"Nini?"

"Ungemnyima, mwanangu. Ungesema hapana." Sauti ilikuwa imepasuka. "Kitu kama kile! Mtu unakitoaje kitu kama kile?"

"Mama, hilo neno ulinifundisha lini?"

Aroita alimsikia akisogea, labda anawapa mgongo watu waliokuwa kwenye ngazi za ofisi. Aliporudi alikuwa akinong'ona.

"Sikiliza. Hili la chumba lisifike huku nyumbani. Shangazi yako akijua ataona haya, ataona tunamdai maisha yake yote. Baba yako hataweza kumtazama dada yake usoni. Umenielewa? Ukifika, watu wakiuliza, tuseme ulizembea. Tuseme ulicheza tu huko Suva, wasichana wanacheza, watu watasahau."

"Niseme nilicheza."

"Sikuamrishi, Aroita. Nakuomba." Mama alikuwa akilia sasa, waziwazi. "Ni bubuti, mwanangu. Ni bubuti yangu kwako."

Tangu azaliwe, mama yake hakuwa amewahi kumwomba kitu kwa neno lile. Wazazi hawawaombi watoto, huwatuma tu. Sarojni, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja nguo za Aroita na kuzipanga katika sanduku, alimwona anasimama na simu sikioni, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Sawa, mama," Aroita alisema. "Nilicheza."